Mlangoni mwa basi la Kapchorwa, tarehe 23 Desemba

Saa 9 usiku. Nimelala ndani ya basi, paki ya Kisenyi, Kampala, kiti cha nyuma kabisa. Wiki ya Krismasi ukiliacha basi peke yake, asubuhi unalikuta halina kioo cha pembeni. Simu inalia. "Kondakta, kiti changu bado kipo?" Kipo, mama, lala. Baada ya muda anapiga tena kuhakikisha.

Saa 10 alfajiri ni mizigo. Mabati, magodoro, kreti za soda, sukari, madumu ya mafuta ya kupikia, na mikate, mikate, mikate. Mtu akitoka Kampala kwenda kijijini Krismasi bila mkate heri asiende. Tanboi anapanga, mimi naandika na kugombana. Kuku msiwatafute hapa, hao husafiri Januari kuja mjini pamoja na viazi na mahindi.

Saa 12 tunatoka kwenda Kapchorwa, kwenye miteremko ya Mlima Elgon. Hapo nimeshaitwa mwizi vya kutosha, kwa hiyo niseme hesabu mara moja. Nauli yetu ya kawaida ni shilingi 35,000. Wiki hii bosi ameweka 60,000. Kupanda tunajaa pomoni. Kurudi Kampala leo nitakuwa mimi, dereva, tanboi na labda askari mmoja anayerudi kambini. Dizeli ya kurudi ni ileile. Kwa hiyo anayelipa 60,000 analipia na viti vitupu. Mimi nalipwa kwa siku, hela ileile ya mwezi wa sita. Ila bosi hayupo mlangoni kutukanwa, mimi nipo.

Na haraka yetu si ubishi wa madereva. Mlima Elgon asubuhi huonekana wote, saa sita mawingu yanaanza kukaa juu, alasiri yanamwaga. Watu husema Desemba ni kavu. Desemba ya 2019 maporomoko ya udongo yaliua watu Bududa na Sironko, wilaya za mlima huohuo. Lami inakufikisha Kapchorwa, lakini wengi wanatoka vijiji vya juu ya hapo, kwenye njia za udongo, na mvua ikitangulia, boda hazipandi. Mama wa kiti cha mbele anasema mwanawe aliye Kanada amesafiri mapema kwenda kwa wakwe zake kabla theluji haijafunga barabara. "Wao redio inawaambia siku tatu kabla," anasema. "Sisi tunaangalia mlima."

Sasa yule wa televisheni.

Kijana wa suti ya bluu, viatu vinang'aa, katoni ya inchi 55. Amelipa kiti kimoja. Katoni ameiketisha dirishani, yeye amekaa pembeni yake. Namwambia, kaka, hicho kiti kina mtu, anapandia Mukono, ameshalipa kwa simu. Anasema haoni mtu. Namwambia iende kwenye buti. "Ikivunjika utalipa wewe?" Basi lipia viti viwili. Anasimama ili basi zima lisikie: "Televisheni inakula? Inaongea? Inalipa nauli kwa nini?" Basi zima likacheka, na mimi nikajua siku imeharibika.

Mukono akapanda mwenye kiti, mama mwenye mtoto mgongoni na beseni mkononi. Kijana akamwomba, kwa adabu kabisa, ampakatie televisheni. Ikawa mahakama. Mzee mmoja anasema mzigo ni mzigo. Binti wa nyuma anasema kondakta ana roho mbaya, leo ni sikukuu. Mwingine anataka tuchange aongezewe nauli, ila yeye mwenyewe hatoi. Namawojjolo kesi ikaahirishwa maana wauzaji walifika madirishani na kuku wa kuchoma na gonja, zile ndizi tamu za kuchoma. Walipomaliza kutafuna wakarudi palepale walipoachia. Mwishowe mama akapata kiti chake, na katoni ikasimama kwenye njia ya katikati, imeegemea magoti yangu.

Na hapo ndipo ilipokaa. Kila anayeshuka, naiinua. Kila anayetaka kwenda haja, naiinua. Trafiki akitusimamisha naiinua ndipo nifike mlangoni. Msitu wa Mabira sikuuona. Jinja, juu ya lile daraja jipya la Nile lililofunguliwa 2018, kijana akatoa simu apige picha. Nikamwambia weka chini, pale picha zimekatazwa, askari wako hapo. "Na hilo nalo linalipiwa?" akaniuliza. Iganga, Nakalama, tukaingia barabara ya Tirinyi, mashamba ya mpunga kulia na kushoto, na mimi naangalia maandishi ya katoni tu: USIINAMISHE.

Mbale tulishusha nusu ya basi, na hatimaye televisheni ikapata kiti cha bure. Mlima ulikuwa umeshafunikwa.

Kuanzia hapo sikuangalia saa. Sironko ilikuwa kavu. Muyembe mvua ikaanza, matone makubwa, kisha yote kwa pamoja. Huku ni wilaya ya Bulambuli. Tarehe 27 Novemba 2024 udongo ulishuka huku usiku ukafukia nyumba na waliokuwamo, na katika basi huwa kuna wa kutoka pande hizo, kwa hiyo mvua ikishika simu zote zinatoka: kwenu inanyesha? Mto umejaa? Mkiona ufa tokeni. Kwenye kona za kupanda tukakuta lori la saruji limekwama, tukasimama nyuma yake na ukungu ukaja. Nikashuka na tanboi, tukaweka mawe nyuma ya magurudumu yetu, tukasaidia kuongoza magari yanayoshuka. Viatu vyangu viwili vilijaa maji. Binti aliyesema nina roho mbaya alinipa mwavuli, ule wa kitoto wenye maua.

Kapchorwa tumefika giza linaingia. Wa karibu wamepata boda kwa bei ambayo mimi ningeitaja ningepigwa. Wa Bukwo wameunganisha moja kwa moja kwa lami ya kwenda Suam, mpakani mwa Kenya. Zamani, mvua kama hii, mtu wa Bukwo alizunguka Kenya kupitia Kitale ndipo afike kwao ndani ya Uganda. Mimi pia ni wa Bukwo. Nimewapa mikate miwili wampelekee mama.

Kijana wa suti amefunga katoni yake kwenye boda kwa mipira, ameizungushia nailoni. Akanirudia. "Kondakta, tarehe 3 Januari niwekee kiti cha dirishani. Kimoja. Televisheni hairudi, kwa hiyo utanipunguzia."

Nimemwandika kwenye daftari, bei kamili. Wa kurudi usiku huu ni wanne, na dereva ameshapiga honi, maana wa tarehe 24 wanaanza kunipigia.