Singo ya Dada

Juzi binti yangu aliniletea kipaketi cha unga alichonunua mjini, kimeandikwa singo, ile dawa ya kumsugua bibi harusi mwili ulainike na unukie. "Mama, hii ndiyo mliyokuwa mkisingwa nyinyi?" Nikanusa. Liwa, ule mti wa msandali unaonukia, imo, karafuu imo, ila harufu ya ua bichi hakuna. Usiku kucha nikawa namuwaza Dada.

Pesa za harusi yake zilitoka kwenye karafuu, kama harusi nyingi za Pemba wakati ule, na yeye mwenyewe alikuwa mchambuaji hodari. Unashika kishada kibichi, unakikandamiza kiganjani na kukizungusha, karafuu zinaanguka jamvini na makonyo, vile vikonyo vyake, yanakubakia mkononi. Ukichambua hivyo usiku baada ya usiku, kiganja kinakuwa cheusi, kinachubuka, kisha kinakakamaa. Sanduku la nguo lilipoletwa, Dada aliishika hariri kwa ncha za vidole, akiogopa kuitoa nyuzi. Bibi alimwona. Hakusema kitu, akaenda kulitoa jiwe lake la liwa.

Sisi watoto tulitumwa asumini alasiri, zikiwa bado zimefumba, kwani hufunguka usiku na ndipo zinaponukia. Langilangi zilichumwa alfajiri, yale maua yaliyokwisha kugeuka manjano. Majani ya kunukia, mrehani na mpompia, tulikata uani, mawaridi tuliomba kwa jirani.

Bibi alikaa kwenye kigoda, jiwe mbele yake, akamwagia marashi matone machache na kuanza kukisugua kijiti cha liwa, polepole, kwa duara. Mwanzo yalionekana maji tu. Baadaye yakaanza kuwa mazito, rangi ya maziwa yaliyotiwa chai. Alichota kwa kidole, akanipaka ndani ya kifundo cha mkono, akasugua. "Bado ina mchanga," akasema, akaendelea. Maua yalikuwa yakitwangwa kinuni na shangazi, na Bibi hakuyaruhusu yachanganywe mpaka liwa iteleze. Karafuu alizitia kidogo sana, zimesagwa zikalainika. "Ikizidi inaunguza, mjukuu wangu. Ngozi ya mtu si nyama ya pilau." Vipimo hakuwa navyo. Alikuwa na kiganja chake na pua yake.

Dada alikalishwa kwenye mkeka chumbani, kanga moja mwilini. Bibi alianza na mikono. Alikichukua kiganja kile cheusi, akakifunua, akakijaza singo, akaufunga mkono wa Dada ndani ya mikono yake miwili na kukaa nao hivyo kwa muda mrefu. Singo ilipoanza kukauka, akaisugua ikawa inatoka vipandevipande, imebeba weusi. Halafu mkono wa pili. Nilikuwa nimeshika bakuli na sikuthubutu hata kuliweka chini. Sikuwahi kumwona mtu akimshika Dada namna ile. Kwetu mikono yake ilijulikana kwa kazi tu. Alikuwa akilia, bila sauti, na Bibi akaendelea kusinga kana kwamba kulia nako kumo kwenye dawa.

Mambo ya miguuni na mgongoni sikuyaona, nilitolewa nje alipoingia somo, yule mwanamke wa kumfunda bibi harusi. Alisingwa siku zote mpaka harusi, akaogeshwa maji ya uvuguvugu, akafukizwa udi. Siku ya harusi niliushika mkono wake, na ulikuwa laini kweli.

Binti yangu anataka nimwandikie vipimo. Nitamwandikia kadiri ninavyokumbuka, na nitamsisitizia ajaribu kwanza kidogo mkononi kwa sababu ya karafuu. Ila sina hakika ni kipi hasa kilichomlainisha Dada. Nilipomuuliza mwenyewe, alisema ni liwa, hakuna kinachoishinda liwa. Mimi naona wiki ile hakuchota maji, hakupika, hakugusa karafuu hata moja, na mtu mmoja alikuwepo kwa ajili ya mwili wake tu. Tumelizungumza mara nyingi mimi na yeye, na kila mmoja bado ana lake.