Baada ya Shaba kushtakiwa serikali ya mtaa

Mbwa wangu, Shaba, alitoka uani akamlamba mzee aliyekuwa anakwenda msikitini, nikashtakiwa serikali ya mtaa. Shauri lenyewe halikuchukua muda. Mwenyekiti alisoma malalamiko, mzee akaeleza, nami nikaeleza, tukaandikishana: ua uzibwe, mbwa asizurure, kadi ya chanjo iletwe ofisini. Tukapeana mikono, kila mtu akaenda zake. Yaliyonikosesha usingizi ni yaliyofuata, na hayo ndiyo ninayotaka kuyaandika.

Ninaishi Tanga, kando ya kichochoro ambacho wazee wa mtaa wetu hupita kwenda msikitini. Nyuma ya nyumba nafuga kuku wa mayai. Kabla ya Shaba nilikuwa naamka asubuhi nakuta kuku wamelala chini, shingo zimetafunwa, maana kicheche akishaingia bandani anaua kuliko anavyoweza kula. Tangu Shaba aje, vicheche hawajagusa banda, na wezi wa kuku wanapita mbali. Kwa hiyo ninaposema mbwa wangu ana kazi, namaanisha kuna ada ya shule inayolipwa kwa kazi hiyo.

Usiku ule alitoka kupitia tundu kwenye michongoma, akamfuata mzee aliyekuwa anakwenda kuswali alfajiri, akamlamba mkono na pindo la kanzu. Hakumng'ata. Lakini hapa ni Pwani na Waislamu wengi ni wa madhehebu ya Shafii. Kwao mate ya mbwa ni najisi nzito: palipoguswa paoshwe mara saba, moja kati ya hizo kwa maji yaliyochanganywa na udongo. Mzee ilibidi arudi nyumbani kujitoharisha, na swala ya jamaa ikampita. Mimi ni Mkristo, lakini nimezaliwa Muheza, nimekua na watoto wa chuo cha Kurani. Najua kumpotezea mtu swala ya jamaa si jambo dogo, na sikumwona kama mtu anayekuza mambo.

Kilichoniuma ni maneno ya mtaani. Ofisini tuliandika "amelamba". Jua halijatua, gengeni Shaba alikuwa ameshamng'ata mtu. Kesho yake akawa ana kichaa cha mbwa. Watoto wakaanza kumrushia mawe kupitia michongoma, na mbwa anayepigwa mawe na watoto anajifunza kuwachukia watoto, jambo ambalo Shaba hakuwa nalo. Kijana mmoja akamwambia mwanangu kuwa sumu ya panya haina bei. Hilo sikulinyamazia. Nilirudi kwa mwenyekiti siku hiyohiyo, akamwita kijana na mama yake, wakaongea mbele yangu. Mama yule tunasalimiana mpaka leo, ila kwa sauti ya chini.

Kuhusu kichaa nilisimama imara, kwa sababu hapo ni uhai wa watu. Nilichukua kadi ya chanjo nikapita nayo nyumba za jirani, nikabisha hodi, nikaionyesha. Nikawaambia wasiniamini mimi, waamini muhuri wa daktari wa mifugo. Na nikawaambia lile ambalo kila mzazi anapaswa kulijua: mtoto aking'atwa na mbwa yeyote, awe wangu au koko, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha hospitali hapohapo akachomwe sindano. Msisubiri kuona kama mbwa atakufa. Dalili zikishaanza kwa binadamu, karibu hakuna anayepona. Mama mmoja akaniuliza kama kumpaka pilipili kunasaidia. Nilimwambia hapana, nikakaa naye barazani muda mrefu, na nafikiri mazungumzo yale yalikuwa na maana kuliko kikao chote cha ofisini.

Kwa mzee nilikwenda mwenyewe, jioni, baada ya Alasiri. Shikamoo, marahaba mwanangu, karibu. Sikwenda kujadili kesi. Nilikwenda kumpa pole na kumuuliza tuishi vipi. Akanieleza kwa utulivu kuwa dini yake haimkatazi mtu kuwa na mbwa wa kulinda mifugo au shamba. Shida ni umajimaji: mbwa mkavu akimgusa mtu mkavu hakuna neno, lakini mate, au manyoya yaliyolowa umande, hapo ndipo taabu. Halafu akasema kitu ambacho sikukitegemea. Kinachomsumbua zaidi ni kubweka, kwa sababu macho yake hayaoni vizuri gizani na akisikia mbwa karibu anaogopa kuanguka. Katika malalamiko yaliyoandikwa, hilo halikuwamo. Ningeziba ua tu, ningekuwa nimetekeleza karatasi na mzee angeendelea kutembea kwa hofu.

Sasa utaratibu ni huu. Shaba anafunguliwa usiku watu wakishalala. Saa kumi alfajiri, kabla ya adhana, naamka namwingiza kwenye kibanda cha upande wa pili wa nyumba, mbali na kichochoro, nampa ugali wake wa dona na vichwa vya dagaa. Akiwa anakula habweki. Wazee wakirudi msikitini, namfungulia ndani ya ua. Alasiri, watoto wakienda chuo, anarudi kibandani. Mnyororo sikuutaka, mbwa anayefungwa mchana kutwa anakuwa mkali, na mbwa mkali ndiye atakayenirudisha ofisini. Nimeweka taa ya sola kwenye kona ya ukuta, inamulika kichochoro kizima.

Wapo walionishauri nimpeleke porini nikamwache, yaishe. Siwezi, na nasema wazi kuwa ni ushauri mbaya. Mbwa aliyetupwa hafi kwa adabu huko alikotupwa. Anatafuta jalala, anazaana na mbwa koko, hachanjwi tena, na siku moja anang'ata mtoto wa mtu asiyejua lolote kuhusu kesi yetu. Ukishamfuga, chanjo yake ya kila mwaka ni yako, na hofu ya jirani yako pia ni yako.

Mzee ameanza tena kupita kichochoro chetu. Jirani wa nyumba ya tatu bado anazunguka kwa nyuma, na sijamlaumu. Waya wa upande wa mbele umekamilika. Jumamosi fundi anakuja kumalizia upande wa mashariki, pale michongoma ilipokauka, na nimemwambia achimbie waya chini ya ardhi, kwa sababu Shaba anajua kufukua.