Nilivyojifunza kumtambua nyoka mweusi asiyeshikika shingoni

Huku Tanga masika yakianza, simu yangu haipumziki usiku. Majirani wananiita niwatolee nyoka, na wengi ni wale wembamba weusi wanaotoka ardhini mashimo yakijaa maji. Kifutu namjua kwa mbali. Hawa weusi ndio walionitoa jasho: wote wanang'aa, vichwa butu, macho kama punje za ufuta.

Nikaamua kufuatilia ukoo wao. Wa kuogopwa ni Atractaspis, jenasi (kundi la spishi za karibu) iliyopewa jina na mtaalamu wa wanyama Andrew Smith mwaka 1849; pwani yetu anapatikana Atractaspis bibronii. Kwa muda mrefu wataalamu walimweka pamoja na kifutu, maana naye ana meno marefu ya sumu mbele, yenye tundu ndani. Mwaka 1968 mtafiti wa nyoka, Bourgeois, kwa kulinganisha mafuvu, akamsogeza kwa jamaa wengine kabisa: akina Aparallactus, vijinyoka vinavyokula tandu, ambavyo meno yao ya sumu yako nyuma. Siku hizi kundi lao ni Atractaspididae. Kama ni familia kamili au tawi la Lamprophiidae, familia nyingine kubwa ya nyoka, ubishi huo nawaachia wenyewe. Kwangu la maana ni kwamba huyu si kifutu, na antivenomu yake, yaani dawa ya kupambana na sumu, haipo.

Tena hang'ati kama wengine. Mdomo ukiwa karibu umefungwa, jino moja linachomoza pembeni, anachoma kwa kurudi nyuma. Ukimbana shingoni umempa kidole. Mzee mmoja alinihimiza, "Mwanangu, mshike kichwa tu, atatulia." Nikamjibu, "Ushauri wako naupokea mzee wangu, ila huyu hashikiki." Akacheka, lakini akasogea nyuma.

Basi nikifika, kwanza naangalia anavyokaa. Akikunja shingo na kuielekeza pua chini, kama anataka kuchimba sakafu, sihitaji ushahidi mwingi. Mkia wake ni mfupi na una ncha. Kisha nasimama mbali, nampiga picha kwa simu na kuikuza: kati ya gamba la pua na lile la mbele ya jicho, je, kuna gamba jingine? Likiwepo, si Atractaspis. Lisipokuwepo, anaweza kuwa yeye au binamu zake wanaokula tandu, nami nawahesabu wote kuwa yeye. Picha ikiwa na ukungu, vilevile.

Kumtoa ni kazi nyepesi: ndoo nailaza ubavu, namsukumia ndani kwa fagio la mpini mrefu, nafunika, namwachia porini mbali na nyumba. Glavu siziamini, meno yale ni marefu.

Aliyechomwa namwambia avue pete mapema, kwani mkono utavimba. Asichanje wala asifunge kamba, aende hospitali na ile picha. Kifo ni nadra, ila maumivu ni makali na nyama ya kidole inaweza kuoza. Na daktari akiona picha, hatapoteza muda na antivenomu ya kifutu.