Nilivyousawazisha upanga wa sponji bila kumhatarisha mtu

Upanga wa sponji ukiwa mzito mbele humchosha mwenyewe kabla haujamfikia mpinzani. Hayo nimeyajulia hapa Ohio, ninakoishi na kaka yangu na mwanawe, kijana aliyeupenda mchezo wa Dagorhir. Mchezo huu ulianza Maryland, jirani na mji wa Washington, mwaka 1977: watu hujigawa majeshi wakapigana uwanjani kwa panga, mikuki na ngao walizojitengenezea. Sisi wa Lamu tumekulia kwenye kirumbizi, lakini huko bakora hugongana fimbo kwa fimbo. Huku upanga unatakiwa umfike mtu mwilini, tena kwa nguvu, na ndiyo maana nauchukulia ufundi wake kwa uzito mkubwa.

"Ami, upanga huu wanivuta mkono," kijana aliniambia baada ya mazoezi.

Nikauchukua nikaulaza juu ya kidole mpaka ukatulia. Urefu wake sentimita 90, uzito gramu 350, na ulitulia katikati kabisa, sentimita 45 kutoka kitako cha kipini. Kipini chenyewe ni sentimita 20, kwa hiyo uzito wote ulikuwa kama umening'inia sentimita 25 mbele ya mkono wake. Wengi wakifika hapo hukimbilia kupunguza sponji ya makali ili upanga uwe mwepesi. Mimi hilo sikulifikiria hata kidogo. Sponji ya makali ni haki ya yule atakayepigwa. Uzito ukizidi mbele, dawa yake ni kuongeza nyuma.

Hesabu yake ni ya shule ya msingi. Gramu 350 mara sentimita 45 ni 15,750. Nikiongeza gramu 120 za madini ya risasi, sentimita 3 kutoka kitakoni, napata 360 zaidi. Jumla 16,110, nikigawanya kwa uzito mpya wa gramu 470, napata sentimita 34 na ushei. Yaani uzito umerudi nyuma karibu sentimita 11, na umbali wa mbele ya mkono umebaki 14 tu. Wapo wanaourudisha hadi karibu kabisa na mkono. Sikuipenda njia hiyo: upanga hugeuka upesi, lakini mzigo wote anaoubeba kijana unazidi.

Risasi niliyotumia ni ukanda mwembamba, madini yaleyale ya chubwi ya mshipi. Niliuzungusha mwishoni mwa bomba la plastiki la nusu inchi lililo ndani ya upanga, mikono ikiwa na glavu kwa sababu risasi ni sumu, nikaubana kwa gundi, kisha nikaufunga kwa utepe wenye nyuzi ndani, wa kuzunguka na wa kupita juu ya kitako, mpaka hakuna hata ukucha wa risasi ulioonekana. Nikautikisa kwa nguvu sikioni. Kikisikika chochote kinachocheza, hapo hapafai, maana kipande kikichomoka katika mzunguko wa mkono kinaruka kama jiwe la teo. Juu ya utepe nikaweka sponji nene. Watu husahau kwamba majeshi yakibanana, kitako ndicho kinachofika usoni mwa mwenzako.

Upande wa ncha ndiko nilikotumia muda mwingi zaidi. Ukingo wa bomba hukata sponji kutoka ndani polepole, kwa nje usione kitu. Nilikata duara la soli ya kandambili, nikaliziba nalo tundu, nikalifunga kwa utepe uleule. Juu yake ikaja sponji ngumu isiyonyonya maji, ile ya mikeka ya kulalia kambini, na mwisho kabisa sponji laini ya godoro ya kupokea mchomo. Gundi ni ile ya mafundi viatu: unapaka pande zote mbili, unasubiri mpaka haishiki kidoleni, ndipo unaunganisha, nje penye hewa. Kanuni ya mchezo inataka ncha isipenye pete ya inchi 2.5 kwa zaidi ya nusu inchi, ili isiingie tunduni mwa jicho. Nilikata pete ya kadibodi nikaijaribu nyumbani kabla ya wakaguzi wa silaha za mchezo.

Kisha nikamwambia kijana anipige mgongoni na pajani kwa nguvu zake zote, halafu anichome kifuani. Uzito wa kitakoni haulainishi kipigo, sponji pekee ndiyo inayolainisha, kwa hiyo jaribio hili halina mbadala. Nilisikia kishindo kipana. Hakuna mahali nilipohisi bomba. Wakaguzi nao waliupima (chini ya aunsi 12, takriban gramu 340, upanga wa urefu huo haukubaliwi) wakaupitisha.

Sasa kila kabla ya mchezo naibonya ncha kwa vidole viwili. Nikiufikia mpira wa kandambili kwa urahisi, sponji imekwisha, naibadilisha siku hiyohiyo. Majira ya baridi naibonya mara mbili, nyumbani na uwanjani, kwa sababu sponji iliyolala ndani ya gari usiku wa Januari hukakamaa, na upanga uliokuwa salama Oktoba unaweza kumvimbisha mtu shavu.