Jinsi nilivyozuia theluji isilibonyeze turubai la mashua

Hapa Minnesota, kaskazini mwa Marekani, mashua yangu ya tanga, ya faiba (plastiki yenye nyuzi za kioo), hulala nje juu ya trela kuanzia Oktoba. Shida ilikuwa turubai. Ukilitandika kama shuka linabonyea katikati, mvua inatuama, theluji inaongezeka juu yake, vyote vinaganda. Lita moja ya maji ni kilo nzima, kwa hiyo dimbwi la lita 100 ni mtu mzima mwenye kitambi amekaa humo hadi machipuko.

Dawa imekuwa mteremko. Mlingoti nimeulaza kutoka omo (mbele) hadi tezi (nyuma) juu ya mbao zilizopigiliwa kwa umbo la X, turubai likashuka kwa ukali pande zote mbili. Kila pembe ya chuma nimeivisha taulo kuukuu, maana upepo ukilitikisa usiku kucha hutoboka palepale linaposuguka. Kamba zinapita chini ya mkuku, uti wa chini wa mashua.

Ncha mbili nimeziacha wazi. Wengi huziba kila upenyo, kumbe wanafungia unyevu ndani, na ukungu unafuata. Matanga yapo ndani ya nyumba (mke wangu ana lake la kusema). Kizibo cha tundu la kutolea maji kwenye tezi nimekitoa na omo nimeiinua, maji yatiririke kabla hayajaganda: yakigeuka barafu hutanuka kwa karibu asilimia 9 na kupasua faiba yalipojipenyeza.

Theluji ikizidi, naligonga turubai kwa chini na mpini wa ufagio, inaporomoka yenyewe.