Obama hakupitisha kitu, kesi ilianzia kwenye cheti cha kifo

Hapa Mbeya ukigusa tu stori ya ndoa za jinsia moja Marekani, kuna mtu lazima aseme "si Obama huyo ndo alipitisha". Najua hiyo imetokea wapi. Hukumu ya Mahakama ya Juu ya Marekani iliyoruhusu ndoa hizo nchi nzima ilitoka tarehe 26 Juni 2015, mwezi uliofuata jamaa akatua Nairobi, akaliongelea suala hilo mbele ya waandishi wa habari akiwa na Uhuru, Uhuru naye akajibu kwamba kwa Wakenya hiyo siyo ishu, basi watu wakaunganisha nukta na mpaka leo haziachani. Ila Obama hakupitisha kitu, na Bunge lao pia halikupitisha. Zilikuwa ni kesi, tena rundo la kesi, na ile iliyobeba jina ilianzia kwenye karatasi ambayo mimi naishika karibu kila siku ya kazi.

Nina steshenari karibu na mahakama, nachapa maombi ya mirathi. Kwa hiyo cheti cha kifo nakijua.

Sasa kule, sheria ya ndoa siyo ya nchi nzima kama huku, kila jimbo lina yake. Ohio mwaka 2004 wananchi walipiga kura wakaweka kabisa kwenye katiba ya jimbo kwamba ndoa ni ya mwanaume na mwanamke basi. Jim Obergefell na mwenzake John Arthur walikuwa wanaishi Cincinnati, hukohuko Ohio, wako pamoja zaidi ya miaka 20, na John alikuwa anaumwa ALS, ule ugonjwa unaoua mishipa ya fahamu inayoendesha misuli, yuko kitandani hainuki. Julai 2013 marafiki wakawachangia hela wakakodi ndege ya wagonjwa mpaka Maryland ambako ndoa hiyo ilikuwa inaruhusiwa. Wakafungishwa ndoa ndani ya ndege, imepaki pale uwanjani, aliyefungisha ni shangazi yake John, halafu wakageuza kurudi nyumbani.

Wakili wao anaitwa Al Gerhardstein. Aliwafuata na fomu tupu ya cheti cha kifo ya Ohio akawaonyesha sehemu ya hali ya ndoa, akawaambia John akifa hapa wataandika hajaoa, na sehemu ya jina la mwenza aliyebaki itaachwa wazi. Hapo ndo kesi ilipozaliwa, kwenye kisanduku kimoja cha fomu.

Mtu ambaye hajawahi kufuatilia mirathi anaweza kuona hayo ni makaratasi tu. Njoo ukae kwangu asubuhi moja. Alikuja mama mmoja wa Uyole, ameishi na marehemu mpaka watoto wamekuwa wakubwa, ana muhtasari wa kikao cha ukoo, ana cheti cha kifo, cheti cha ndoa hana, na mashemeji washaanza kumwita "huyo mama aliyekuwa anakaa na kaka". Yeye angalau ana pa kushika, kifungu cha 160 cha Sheria yetu ya Ndoa ya 1971 kinasema mkiishi miaka miwili na watu wakawajua kama mke na mume mnachukuliwa mmeoana mpaka ithibitishwe vinginevyo. Jim hakuwa na pa kushika kabisa, na cheti cha ndoa anacho mkononi!

Jaji wa kwanza, Timothy Black, aliwashika pabaya sana serikali ya jimbo. Ohio hairuhusu ndoa ya mtu na binamu yake wa kwanza, ila binamu wakioana jimbo lingine kihalali wakihamia Ohio inawatambua, hao wengine mbona mnawakataa? Aisee mimi ndoa ya binamu kwetu ni mwiko lakini hoja niliielewa palepale. John alifariki Oktoba mwaka huohuo.

Wiki mbili hivi kabla ya safari ile ya ndege Mahakama ya Juu ilikuwa imeamua kesi ya bibi mmoja wa New York, Edith Windsor, mwenzake Thea Spyer alifariki 2009 akamwachia mali, serikali kuu ikamdai kodi ya urithi dola 363,053 kwa sababu sheria ya DOMA ya 1996 haikuwatambua kama wanandoa, angekuwa mume na mke asingelipa hata senti. Akashinda, na baada ya hapo marufuku za majimbo zikaanza kuanguka mahakamani moja baada ya nyingine, hata Utah ya Wamormoni ilianguka Desemba 2013.

Mpaka Novemba 2014 mahakama moja ya rufaa ikakataa, ikasema marufuku za Ohio, Michigan, Kentucky na Tennessee zibaki. Jaji Sutton aliandika kwamba jambo kubwa hivi waachiwe wapiga kura siyo majaji, na mimi nasema hiyo ndo hoja nzito kuliko zote za upande ule, zile za "watoto watalelewaje" zilikuwa zinapwaya maana kwenye rundo hilohilo la kesi kuna wanawake wawili wa Michigan walioenda mahakamani kwa sababu ya watoto waliowaasili, wanawalea wote wawili ila kisheria kila mtoto ana mzazi mmoja tu. Mahakama za rufaa zikishagongana hivyo ya juu inakuwa haina pa kukwepea, ikaamua 5 kwa 4 kwamba marufuku zote za majimbo zianguke, Jaji Kennedy ndo aliandika.

Cha ajabu ile ibara ya 2004 haijafutwa, bado imo kwenye katiba ya Ohio, haina nguvu tu. Juni 2022 mahakama hiyohiyo ilipofuta haki ya kutoa mimba, Jaji Thomas akaandika kwamba na hukumu ya Obergefell itazamwe upya, watu wakashtuka, Desemba Bunge lao likatunga sheria kwamba jimbo lolote litambue ndoa iliyofungwa kihalali jimbo lingine. Kwa hiyo kama lazima umtafute rais wa kumbebesha, aliyesaini hiyo ni Biden.