Manukato ya kahawa chungu: nilipofikia

Mchanganyiko wa sasa umeanza kunukia kahawa. Uliotangulia ulinukia keki.

Hapo ndipo kahawa inapoharibiwa kwenye manukato ya kiume: karibu kila mtungaji huitia sukari. A*Men ya Thierry Mugler, iliyotungwa na Jacques Huclier mwaka 1996, imeiweka pamoja na karameli, pachuli (majani yenye harufu ya udongo) na lami. Rochas Man ya Maurice Roucel, ya 1999, imeilaza kwenye lavenda na vanila. Nazipenda zote, ile ya kwanza hasa kwa ule uchafu wa lami. Ila mimi naitafuta kahawa chungu ya kwenye dele, ya barazani, yenye tangawizi na moshi wa mkaa kwa mbali. Kashata ibaki kwenye sahani.

Kazi kubwa imekuwa kwenye buni. Zikiwa mbichi hazina hata dalili ya kahawa, zinanukia majani makavu na mbaazi. Harufu yote huzaliwa motoni, kwa hiyo nakaanga mwenyewe hadi zipasuke mara ya pili na mafuta yaanze kung'aa juu ya ganda. Natwanga chengachenga, si unga, kisha naloweka gramu 20 kwa mililita 100 za alkoholi ya asilimia 96. Spiriti ya kusafishia vidonda haifai, ina harufu yake yenyewe. Robusta ya Bukoba imeishinda arabika ya Kilimanjaro, jambo ambalo kwenye kikombe nisingelikubali hata kidogo. Ndani ya alkoholi ule uchachu mzuri wa arabika unafifia, wakati robusta inabaki na udongo wake na ukali wa kuungua. Nachuja, naiacha kwenye friza mafuta yagande, nachuja tena. Rangi yake nzito. Mwenye kanzu nyeupe ajipake mwilini tu.

Tabu ni kwamba alkoholi hiyo ya kahawa ikiwa peke yake harufu yake haikai. Kile kinachokugeuza shingo mtu anapofungua kopo la kahawa iliyosagwa sasa hivi ni vitu vyenye salfa, mkubwa wao furfurilithioli, ambayo wanakemia Reichstein na Staudinger waliigundua miaka ya 1920. Hewa huiharibu upesi, ndiyo maana kahawa ya zamani haina raha. Ninayo iliyozimuliwa hadi asilimia 0.01, na hata hivyo tone likizidi unanuka mpira unaoungua.

Vetiva, mafuta ya mizizi ya nyasi, ndiyo iliyoleta uchungu niliokuwa nautafuta: mizizi, moshi, ukavu. Pachuli kidogo chini yake. Iliki nimeitoa, maana ilinipeleka kwenye kahawa ya Oman, nzuri sana lakini ni manukato mengine. Udi pia nimeuondoa. Ukiingia udi, kahawa inageuka mgeni.

(Zile buni ambazo wauza manukato huwapa wateja wanuse eti kusafisha pua, kwangu hazina kazi. Nanusa kiwiko changu, basi.)

Kinachofuata ni kushusha vetiva kutoka asilimia 6 hadi 4, kwa kuwa baada ya saa chache inabaki peke yake kwenye ngozi, na kubadili tangawizi ya kuloweka kwa mafuta yaliyokamuliwa kwa mvuke. Lavenda bado naipigia hesabu. Nikiitia, itakuwa chembe tu, isije ikanirudisha kwenye harufu ya duka la kinyozi.